Buha Ilivyochorwa: Kibondo na Kasulu, kutoka Ramani ya Amri hadi Ramani ya Kujitolea

Sisi watu wa pwani tunaijua Kigoma kwa ziwa lake, kwa dagaa na mawese, na kwa reli iliyotoka Dar es Salaam ikafika huko mwaka 1914. Ni wachache miongoni mwetu waliopanda kutoka ziwani kuelekea Kasulu, na wachache zaidi walioendelea kaskazini hadi Kibondo, katika nchi ya vilima, migomba, maharage na asali ambayo wenyewe huiita Buha. Hata hivyo nchi hiyo ina jambo la kutufunza sisi tunaopenda kalamu, nalo ni namna mahali panavyoandikwa. Kwani kuchora ramani ni kuandika; na Buha iliandikwa mara nyingi na wageni, kila mmoja kwa haja yake, kabla haijaanza kuandikwa kwa namna nyengine katika miaka ya karibuni: na watu wasiolipwa, kwa programu zisizouzwa, juu ya ramani isiyomilikiwa na dola wala kampuni.

Makala haya yanafuata mabadiliko hayo, na yanauliza swali moja: je, ramani inayochorwa kwa kujitolea ni kitu tofauti kweli na zile zilizoitangulia, au ni amri ile ile iliyovaa kanzu nyengine?

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa himaya moja. Zilikuwepo falme kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru katika sehemu za Kasulu, Muhambwe katika Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko. Mipaka ya falme hizo haikuwa mistari ya wino. Ilikuwa mito, vilima, na utii wa watu kwa mwami wao. Majina yenyewe hayakufa. Muhambwe na Buyungu yaliingia katika Jamhuri yakawa majina ya majimbo ya uchaguzi, na Heru Juu ni jina la mahali hadi leo, karibu na mji wa Kasulu. Mwenye kutaka kujua nguvu ya jina na atazame hapo: wafalme walipoteza utawala, majina yakabaki.

Wadachi walikuja na ramani zao, kisha vita vya kwanza vya dunia vikawaleta Wabelgiji, walioishika nchi hiyo tangu mwaka 1916 hadi walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilipambana na malale, maradhi yanayoenezwa na mbung'o. Dawa iliyoonekana kufaa ni kuwakusanya watu. Wakaazi waliotawanyika katika misitu ya Kibondo na Kasulu waliamrishwa wahame, wakae pamoja katika makazi yaliyopimwa, na nyuma yao pori likarudi. Hapo ramani ilitangulia na mguu wa mtu ukafuata. Na katika zama hizo hizo vijana wa Kiha walikuwa wakisafirishwa kuelekea mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Hivyo mahali palipewa mstari, na mtu akapewa tarakimu.

Uhuru nao ulikuwa na ramani zake. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: skuli, zahanati na maji ni rahisi kuwafikia watu waliokaa pamoja. Lakini mwenye shamba la migomba aliyelilea kwa miaka mingi aliambiwa nyumba yake iko mahali pasipo pake, naye hakuwa na kalamu ya kujibu. Vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo vyenye barabara iliyonyooka na nyumba zilizopangwa pembeni yake vina asili yake katika operesheni ile.

Kisha wakaja wakimbizi. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, na baada ya vita kuanza Kongo mwaka 1996, nyanda hizi zilijaa kambi. Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila, kambi ya Warundi katika wilaya hiyo hiyo, ilifungwa mwaka 2012. Kambi ni mji unaozaliwa karatasini: kanda, mtaa, namba ya nyumba, bomba la maji, mstari wa kugawiwa chakula. Mara ya tatu au ya nne katika umri wa mzee mmoja, mchoro ulikuja kwanza na binadamu akaambiwa aingie ndani yake.

Ndiyo maana nimesema ramani za Buha zilikuwa ramani za amri. Waliochora walikuwa na sababu, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za huruma. Lakini aliyechorwa hakuwa na haki ya kusahihisha.

Sasa tuvuke bahari kidogo, ili tuone chimbuko la ramani ya namna ya pili. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akidai kuwa programu ya kompyuta iwe huru: mtu aitumie, aisome, aibadilishe na kuigawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni iliyoyaweka hayo katika maneno ya sheria, na mwaka 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, akaanzisha Linux, iliyokuzwa na watu wengi wasiojuana kwa sura. Kwa Kiswahili tukaziita programu huria. Neno hilo si geni kwa wapenzi wa ushairi, waliobishana miaka mingi kuhusu mashairi yanayofuata arudhi na yale yaliyo huru. Lakini mfano ulio karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni takhmisi. Mshairi huchukua mishororo ya aliyemtangulia, akaitangulizia mitatu ya kwake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Ya kwanza haifutwi, jina la mwenyewe halifichwi, na atakayekuja baadaye ana ruhusa ya kuongeza tena. Ndivyo yalivyofanyiwa mashairi yanayonasibishwa na Liyongo. Leseni ya programu huria inasema jambo hilo hilo kwa lugha ya mawakili: chukua, ongeza, mtaje aliyekutangulia, na usiufunge mlango nyuma yako.

Kiswahili hakikukaa nje ya mlango huo. Mwezi Disemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili, chini ya mradi ulioitwa Kilinux. Haukuwa mradi wa kujitolea mtupu, maana nyuma yake palikuwa na chuo na kampuni. Lakini tunda lake liligawiwa bure, na liliwezekana kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria. Tafsiri ya programu iliyofungwa husubiri hisabu za mfanyabiashara. Ya programu huria husubiri mfasiri tu. Na wafasiri wa kompyuta wamekuwa wakichota pwani: pakia na pakua ni maneno ya jahazi na ya jikoni, na kivinjari kimetokana na kuvinjari, kwenda huku na huko majini kwa ulinzi. Mtoto wa Kibondo anayepakua ramani katika simu yake anatumia neno la mchukuzi wa bandarini.

Mwaka huo huo wa 2004, huko London, Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na yeyote na kutumiwa na yeyote. Programu zinazoiendesha ni huria, na data zake nazo zina leseni huria. Tetemeko la Haiti la mwezi Januari 2010 ndilo lililoonesha nguvu yake, pale watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walipoichora Port-au-Prince kwa picha za setilaiti ili waokoaji wajue pa kwenda. Baada ya hapo ikasajiliwa jumuiya ya Humanitarian OpenStreetMap Team. Mwaka 2014 jumuiya hiyo, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza na Madaktari Wasio na Mipaka, ikaanzisha Missing Maps, yenye lengo la kuchora mahali maskini kabla ya balaa kufika.

Balaa halikukawia. Mwezi Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, ghasia zikazuka, na watu wakakimbia. Maelfu walikwama Kagunga, kijiji chembamba baina ya mlima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawavusha hadi Kigoma mjini. Kutoka hapo walipandishwa Nyarugusu, ambayo ilifurika. Mwezi Oktoba 2015 ikafunguliwa tena kambi ya Nduta katika wilaya ya Kibondo, na mwezi Januari 2016 Mtendeli katika Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Madaktari Wasio na Mipaka walitibu Nyarugusu na Nduta, na daktari anayetafuta chanzo cha kipindupindu anahitaji kujua mgonjwa ametoka mtaa gani na alichota maji kisima kipi.

Katika mwaka ule ule wa 2015 Tanzania nzima ilikuwa inaamka katika jambo hili. Dar es Salaam ilianza Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakaazi wa mitaa ya mabondeni walichora mifereji na nyumba zinazofikwa na mafuriko. Mwaka 2016 hapa visiwani ukaanza mradi wa kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, zikirushwa na Wazanzibari wenyewe. Na kwa upande wa vijijini ulianza Crowd2Map Tanzania, mradi wa watu wa kujitolea chini ya Tanzania Development Trust, asasi ya Uingereza ambayo imefanya kazi pia mkoani Kigoma. Mwezi Agosti 2018 wajuzi wa programu huria za ramani kutoka duniani kote walikutana Dar es Salaam katika mkutano wao wa mwaka, FOSS4G.

Je, kazi yenyewe hufanywaje? Eneo hukatwa miraba midogo katika programu maalumu. Mtu aliyeko Zanzibar, Nairobi au Berlin huchagua mraba mmoja, nao hufungwa ili mwengine asiuguse wakati huo. Picha ya setilaiti hutokea, naye huchora juu yake: paa, njia, kijito. Akimaliza, mraba hupewa mtu wa pili mwenye uzoefu zaidi, ambaye huhakiki. Nimelipenda neno hilo kuwemo katika kazi hii, kwani mhakiki wa ramani hufanya kama mhakiki wa diwani: husoma alichofanya mwenziwe, husahihisha, hueleza kwa upole, kisha hupitisha au hurudisha. Anayeanza huanza na nyumba, kwa kuwa paa ni rahisi kulijua kuliko njia. Haihitajiki shahada. Inahitajika kompyuta, umeme, mtandao, na subira ya mtu anayenakili muswada.

Lakini Buha si rahisi kusomeka kutoka angani. Nyumba nyingi hujificha chini ya migomba. Kibanda cha nyasi cha mviringo na kivuli cha mti hufanana. Nyumba iliyohamwa na nyumba inayokaliwa zina paa lile lile. Njia inayopitika Agosti huwa tope mwezi Machi. Na juu ya yote, setilaiti haijui jina. Mchoraji wa Berlin huona mstatili mkubwa wenye bati linalong'aa; hawezi kujua kama ni skuli, kanisa, msikiti au ghala la maharage.

Hapo ndipo kazi ya pili inapoanza, nayo haifanyiki isipokuwa na mtu aliyeko pale. Kwa simu yenye programu kama Maps.me au OsmAnd, zinazofanya kazi hata pasipo mtandao, mwalimu au mhudumu wa afya hutembea kijijini akaandika: hii ni zahanati, hili ni soko, hapa ni Kifura, hapa ni Mabamba, njia hii inakwenda Makere. Na jina lina mitego yake. Iko Nyarugusu ya Kasulu, na iko Nyarugusu ya Geita, ya wachimba dhahabu. Jina moja huandikwa Moyowosi linapotajwa pori la akiba, na Muyovozi linapotajwa kambi ya zamani. Karani wa kikoloni aliandika alivyosikia, mwanawe wa ofisi akanakili alivyoona. Mwenye lugha tu ndiye anayeweza kusema lipi linatamkwa na watu wa hapo. Hata lebo zinazosema hii ni njia ya miguu na hiki ni kisima zimeandikwa ndani ya ramani kwa Kiingereza cha Uingereza. Kinachomwezesha mwanakijiji kuzitumia bila ya Kiingereza ni tafsiri iliyofanywa na mfasiri fulani asiyelipwa. Wapenzi wa lugha wana nafasi hapo ambayo mwanahandisi hawezi kuijaza.

Kuna kisa kinachoonesha kwa nini uhuria huo si maneno matupu. Maps.me, programu iliyosaidia sana kazi za vijijini, ilikuwa mali ya kampuni, na mwaka 2020 iliuzwa kwa mmiliki mwengine aliyeibadilisha. Lau ingekuwa programu iliyofungwa, habari ingeishia hapo. Lakini msimbo wake ulikuwa wazi, basi waliokuwa wakiijua waliuchukua wakaanzisha tawi jipya, Organic Maps, lililotoka mwaka 2021. Na majina yaliyokwisha kuandikwa hayakupotea, kwa kuwa yalikuwa katika ramani ya wote. Takhmisi iliendelea ingawa duka limebadilisha mwenyewe.

Hata hivyo, insha ya historia haipaswi kuwa kasida. Neno kujitolea lina historia yake nchini mwetu. Watu wa Kigoma wamewahi kuitwa kujitolea wakachimba barabara, na asiyekwenda alitafutwa. Kujitolea kwa namna hiyo ni amri iliyolainishwa. Tena hakuna usawa baina ya anayechora jioni mezani pake, umeme ukiwaka, na mwanakijiji anayeacha palizi, akanunua kifurushi cha data kwa fedha yake, akatembea kutwa. Wote wawili huitwa watu wa kujitolea, lakini mmoja ametoa saa zake za ziada na mwengine ametoa chakula. Mradi wenye haki huona tofauti hiyo: humrudishia mtu nauli na gharama ya simu, na huiacha kalamu mikononi mwake baada ya wageni kuondoka. Warundi, ambao lugha yao imekaribiana mno na Kiha, wana neno ikibiri, kazi ya kusaidiana ambayo leo ni shamba langu na kesho ni lako. Ramani ya kujitolea inafaa kupimwa kwa mizani hiyo: je, zamu itamfikia na mwenye Kibondo?

Na iko hatari nyengine. Ramani inayomwonesha daktari njia humwonesha na asiye daktari. Mkimbizi ana sababu ya kuogopa kuonekana. Ndiyo maana wachoraji wana makubaliano ya kutoandika jina la mkaazi wa nyumba. Huandikwa nyumba, kisima, skuli, na mtu huachiwa siri yake. Ni adabu njema, lakini ni adabu ya watu, na adabu hulindwa na wanaoijua. Kila anayeingia katika kazi hii inampasa afundishwe hilo kabla ya kufundishwa kuchora paa.

Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Waliobaki walihamishiwa Nduta. Hapa tunaliona jibu la swali letu la mwanzo, nalo si jibu la kujisifu. Ramani ya kujitolea haikuzuia kambi kufunguliwa wala kufungwa. Amri ingali na nguvu zake. Tofauti ni kwamba ramani za amri zilikaa katika kabati za ofisi, na aliyechorwa hakuziona. Hii ya sasa ipo wazi mbele ya aliyechorwa, na ana ruhusa ya kuandika: hapa mmekosea, jina la mlima huu silo. Mwaka 1935 mtu wa Muhambwe hakuwa na ruhusa hiyo, wala mwaka 1972. Na humo mabadiliko ya zamani huhifadhiwa pia, kwani kila badiliko hubaki katika kumbukumbu, likijulikana limefanywa lini na kwa akaunti ipi. Kambi inaweza kufutwa ardhini. Habari kwamba ilikuwepo, na kwamba kisima chake kilikuwa hapa, inabaki.

Lakini ruhusa isiyotumiwa hufanana na leseni iliyofungiwa sandukuni. Maadamu vijiji vingi vya Buha vina paa zilizochorwa na majina yasiyoandikwa, kazi imefika nusu, na nusu iliyobaki ni ya wenye lugha. Nami, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba, natoa ubeti mmoja:

Paa huonwa angani, na mstari ukatiwa,
Njia nazo vijijini, rangi zote zikapewa,
Jina lakaa kinywani, ni la mwenyewe kutowa,
Ramani bila ya jina, ni shairi liso kina.

Anayependa kujiunga aanze na mraba mmoja, amtafute mhakiki wake, na avumilie kusahihishwa. Na aliye na jamaa Kasulu au Kibondo ampigie simu amuulize: kile kijito nyuma ya skuli, nyinyi mnakiitaje?